Mkono Begani

Ukimtafuta rafiki yangu Msumari siku za kazi, utamkuta kwenye karakana nyuma ya duka la matairi, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi, akibishana na ubao uliopinda. Hubishana nao kwa sauti. "Umetoka kwenu umenyooka, umefika kwangu unajikunja?" Wateja wapya hudhani ana mtu ndani. Ana miaka arobaini na mitatu, watoto watatu, goti moja bovu, na barua moja ambayo hakuipata. Wapo mtaani wanaosema aliikosa kwa ujinga. Mimi nilikuwepo. Bega lililomkosesha lilikuwa langu.

Tulizaliwa nyumba ya tatu na ya tano kutoka kanisani. Baba yake alikuwa seremala. Mimi nilikuwa mtoto wa mama peke yake, na mama alikuwa akifua nguo za altare. Jina la Msumari nilimpa mimi, kwa kuwa alikuwa mwembamba na ukimgonga kichwani haondoki, anazidi kuingia. Yeye akaniita Pasi. Tulitumikia misa pamoja tangu tukiwa na miaka tisa, tukapigana mateke chini ya kanzu, tukachekeana wakati wa mahubiri hadi machozi.

Kazi ya mama ilikuwa na heshima yake. Vile vitambaa vidogo vya kufutia kalisi, kikombe cha divai ya misa, alivisuuza kwanza peke yake kwenye beseni la enameli, na maji yale hayakumwagwa bombani wala mtaroni. Aliyapeleka kwenye udongo, chini ya waridi nyuma ya sakristia, chumba cha mavazi ya misa, kwani huenda yamebeba chembe ya Mwili au tone la Damu. Msumari na mimi tulimfuata nyuma. Ndiyo dakika pekee tuliyokuwa tukinyamaza bila kuambiwa.

Mwaka nilipotimiza kumi na nne, mama alimkaribisha nyumbani fundi saa mmoja, mtu mpole aliyekoroma kwa vituo. Mtaa ulimwita Mzee Saa. Mkewe wa ndoa ya kanisani alikuwa amekwenda ng'ambo miaka kumi na miwili nyuma na hakuandika tena, lakini mbele ya Kanisa ndoa ile ilikuwa bado hai. Kwa hiyo yeye na mama hawakuweza kufunga ndoa. Mama aliacha kupokea komunyo, akahamia benchi la mwisho. Hakujificha na hakujieleza kwa mtu.

Haukupita mwezi, katekista alikuja na akinamama wawili kuchukua vitambaa. Mama aliwakabidhi vyote, vimefuliwa, vimekunjwa mara tatu tatu.

"Maji ya kwanza ni ya udongo," aliwaambia. "Msije mkayamwaga mtaroni kwa sababu ya hasira zenu kwangu."

"Dada, sisi hatuna hasira," katekista alisema.

"Basi mtakumbuka vizuri."

Mwaka uliofuata Askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara. Alikuja kila baada ya miaka miwili. Msumari alikuwa amekwisha kupata awamu iliyopita. Safari hii ilikuwa zamu yangu. Yeye alichaguliwa kushika fimbo ya Askofu, na baada ya sherehe Paroko angempa barua ya kumpeleka seminari. Alitaka upadri kuliko alivyotaka viatu, na viatu vyake vilikuwa vinacheka mbele.

Kwa asiyejua: siku ya Kipaimara kila mtoto hupanda mbele na msimamizi, mtu aliyekwisha kupata sakramenti hiyo na kutimiza miaka kumi na sita. Askofu anapokupaka mafuta ya krisma kwenye paji la uso, msimamizi anaweka mkono wake wa kulia begani mwako. Kazi yote ni hiyo. Lakini mkono ule unawaambia watu wote waliokaa kanisani: huyu ni wetu.

Nilizunguka mtaa mzima nikitafuta mkono. Muuza mishumaa alisema wake una baridi yabisi. Mwalimu wa kwaya alisema hawezi kuimba na kushika bega la mtu, kana kwamba kwaya nzima ni yeye peke yake. Baba yake Msumari alikuwa ameshakubali kusimamia watoto wawili awamu hiyo, na sheria ya parokia haikumruhusu wa tatu. Mzee Saa mwenyewe angekubali, ila yeye ndiye aliyekuwa sababu ya wengine kukataa. Mwishowe fundi cherehani wa kona alikubali, kwa sharti nisimtangaze.

Asubuhi ya siku yenyewe binti yake alikuja mbio. "Baba anasema samahani, anaumwa homa."

Tulipopangwa mstari katikati ya kanisa nilimwona yule fundi cherehani kwenye kwaya, safu ya besi, amefungua kinywa kama mlango wa gereji. Katekista alipita na orodha yake.

"Msimamizi wako yuko wapi?"

"Yuko kwaya, Mwalimu. Anaumwa."

"Usinifanyie mzaha leo. Asiye na msimamizi hapandi. Kaa."

Nikakaa. Wenzangu wakapita mmoja mmoja, kila mmoja na mkono wake. Niligeuka kumtazama mama kwenye benchi la mwisho. Hakunipungia, hakulia. Aliinua kidevu tu, kama anavyofanya akiniambia niokote kitu nilichoangusha.

Nikasimama nikaingia mkiani mwa mstari. Katekista alinishika mkono wa shati. Nikauvuta, kifungo kikaruka, nikaenda.

Msumari alikuwa amesimama kando ya Askofu, shela jeupe mabegani, fimbo ameishika kwa ncha ya shela, maana mtumishi haruhusiwi kuigusa kwa mkono mtupu. Alikuwa amefanya mazoezi ya kusimama vile wiki mbili nzima kwa ufagio wa nyumbani kwao, mama yake akimlalamikia kwamba sakafu haifagiwi na Maaskofu. Sharti lilikuwa moja: aliyeshika fimbo haondoki mahali pake.

Askofu aliniangalia, akaangalia nyuma yangu, palipokuwa hewa tupu.

"Msimamizi wake nani?"

Katekista aliinama karibu naye. "Hana, Baba Askofu. Kuna mambo ya familia. Tulimwambia akae."

Nilisikia viatu kabla sijaona kitu. Viatu vinavyocheka vina sauti yao. Msumari aliizunguka meza ya mafuta, fimbo katika mkono wa kushoto, akaja nyuma yangu, akatoa mkono wa kulia ndani ya shela na kuuweka begani mwangu.

"Nipo, Baba Askofu."

"Wewe umeshika fimbo yangu."

"Ndiyo, Baba Askofu. Inatosha mkono mmoja. Huu wa pili ulikuwa hauna kazi."

Mtu mmoja benchi la mbele alikohoa ili asicheke.

"Umepata Kipaimara?"

"Ulinipa wewe, mwaka juzi."

"Na umri?"

"Miaka kumi na sita na wiki mbili."

"Hayumo kwenye orodha," katekista alisema.

Askofu alikuwa mtu mnene mwenye macho ya usingizi, na sikuwahi kujua alichofikiri. Alichovya kidole gumba kwenye mafuta. "Mtaje jina," akasema.

Msumari alilitaja jina langu kwa sauti ambayo benchi la mwisho lilisikia. Watu wanaosimulia kisa hiki siku hizi humfanya jabali. Mimi ndiye niliyebeba uzito wa mkono ule, nami nasema ulitetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Lakini haukutoka. Nikapakwa, nikasema amina.

Baada ya misa Paroko alimwita sakristia. Mimi nilikuwa mlangoni na sikufukuzwa. Barua ilikuwa mezani, tayari imepigwa mhuri. Niliuona wekundu wake.

"Umeniaibisha mbele ya Askofu," Paroko alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alipenda mambo yaende kama yalivyopangwa. "Jumamosi utasimama mbele ya watumishi wote na mbele ya katekista, uombe radhi. Kisha barua hii ni yako."

Msumari alilikunja shela taratibu, akaliweka juu ya kabati.

"Kwa kuondoka mahali pangu na fimbo mkononi naomba radhi sasa hivi, Baba Paroko. Fimbo haitembezwi vile, nilikosea. Kwa bega la mwenzangu siombi."

"Hilo ndilo ninalotaka uliombee radhi."

"Basi barua ikae."

Paroko alingoja. Nadhani alitaka sana yule kijana afungue kinywa tena. Msumari aliinama, akatoka.

Nilimkimbilia nje nikamshika kanzu. "We, rudi. Sema neno moja tu, Msumari."

"Neno gani?"

"Samahani. Ni neno dogo, litakuua?"

"La fimbo nimeshasema. Jingine sina."

"Lakini seminari!"

"Pasi," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa, "nikienda nikawa padri kwa kusema sikukujua, nitakuwa padri wa nani?"

Nilimtukana. Nilimwita mjinga, kichwa cha mbao, maneno ambayo mtaa bado unayatumia. Nililia kuliko yeye. Jumamosi watumishi walikusanyika, katekista akakaa mbele na orodha yake, wakangoja saa nzima. Msumari alikuwa kwenye karakana ya baba yake. Baba huyo, aliyekwisha kuwaambia watu kwamba amezaa padri, alimpa randa, akamwonyesha ubao wa kuanzia.

Hakuacha kusali wala hakuhama parokia. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la mwisho, kati ya mama yangu na Mzee Saa, na hakuondoka hapo mpaka alipooa. Fundi cherehani alipita akamsalimu. Aliitikia vizuri, akamuuliza kama homa imeshuka.

Sasa kila awamu ya Kipaimara watoto waliokataliwa na mtaa humfuata yeye. Hakuna aliyepanga, wanaambizana. Wasichana humwendea mkewe, wavulana humwendea yeye. Parokia ilijaribu kumkumbusha ile sheria ya watoto wawili. Alisema sawa, andikeni wawili, wengine nitawashika bila kuandikwa. Mwaka huu walikuwa wanne. Nilikuwepo alipokuja wa nne, kijana mwenye masikio makubwa, akasimama kwenye vumbi la mbao akiangalia chini.

"Wamesema nianze kukuambia kwamba baba yuko gerezani."

"Waliosema ni akina nani?"

"Watu."

"Hao sikuwauliza. Una shati?"

"La shule."

"Lina mabega?"

Kijana alicheka kidogo, bila kutaka.

"Basi tumemaliza," Msumari alisema. "Jumapili uje mapema. Tutakaa benchi la mbele kabisa, mimi na wewe, na anayetaka kutuangalia aangalie."