Macho ya Gayogayo

Siku moja haijanitoka akilini, mwanangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nami nikiwa mwalimu kijana kutoka Singida, niliyepangiwa shule moja huko Mnero, mbali na bahari. Nilikuwa nikilifundisha darasa la saba habari za gayogayo, samaki bapa anayejifukia katika mchanga wa sakafu ya bahari, kuanzia pwani ya Tanga hadi Mtwara, akivizia kamba na kaa wadogo. Nikasema kwamba macho yake yote mawili yako upande mmoja.

Kesho yake akaja Mzee Chinguile, mkulima wa korosho, baba yake Somoe, binti aliyekuwa akiongoza darasa.

“Mwalimu, huyo samaki alilalia ubavu mpaka jicho likahama?”

“Jicho huhama kweli, mzee wangu. Akiwa mdogo huogelea wima kama samaki wengine, jicho moja kila upande. Akikua, moja husogea taratibu kupitia juu ya kichwa hadi karibu na la pili. Ndipo huanza kulala chini.”

“Umemwona?”

Nilikuwa nimemwona kitabuni tu, lakini darasani nilisema kama mtu aliyemvua.

“Basi Somoe harudi. Bora apalilie ufuta kuliko kufundishwa uongo.”

Ni lazima ujue, mwanangu, kwamba samaki walitufikia kule wakiwa wakavu, tena wamekatwa vichwa ili mzigo uwe mwepesi. Watu walikuwa wamemla gayogayo miaka yote bila kuuona uso wake. Nikamwomba mchuuzi wa soko la Nachingwea aniletee kutoka Lindi mmoja mwenye kichwa. Alipomleta, nikampeleka kwa Mzee Chinguile, nikamkabidhi pamoja na kisu. Sikueleza neno.

Akamgeuza. Upande mmoja ulikuwa mweupe, hauna jicho. Wa pili ulikuwa na rangi ya mchanga, na macho mawili. Akakipasua kichwa, akakuta fuvu limepinda.

“He! Somoe, njoo uone maajabu!” Kisha akanikazia macho. “Sasa, mwalimu, jicho likihama, huyu huumia?”

Jibu la kubuni lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Nikalimeza.

“Sijui, mzee wangu.”

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. “Mwongo angenijibu hata hilo! Somoe, kesho shule.”

Mwanangu, sikufuta hata neno moja la somo lile, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nawe unachokijua kiseme bila kuyumba, hata kijiji kizima kikikucheka. Lakini useme pia umekipata wapi, kwa macho yako au kwa kitabu. Na pale elimu yako inapokoma, koma nayo, wala usione haya.

Mungu akunyooshee ulimi, na asikunyime watu wa kukuuliza maswali magumu.