Mshono wa Upande wa Kushoto

Mama alikuwa fundi cherehani, mimi nikipiga pasi alichoshona. Kazi hiyo niliianza nikiwa na miaka tisa, siku aliponitoa shule ili kaka abaki. Kaka akapata ofisi na tai. Mimi nikapata kovu la pasi mkononi. Kinyongo hicho nilikilea kama mtoto.

Kliniki walipompiga mama picha ya matiti, muuguzi alimwambia, "Hatujaona kitu, bibi," akampa karatasi. Kusoma nilikuwa nimeshasahau, lakini muhuri niliujua. Nikaibandika ukutani juu ya cherehani.

Miezi saba baadaye nilikuwa nanyoosha blauzi ya mama mwenyewe. Mshono wa kushoto ulikuwa umefumuliwa na kupanuliwa kwa upana wa kidole. Wa kulia haukuguswa. Mama, ambaye hakuwahi kukosea hata kwa unene wa uzi!

"Mama, macho yamekwenda na maji? Umeshona kombo!"

"Blauzi haina kosa, mwanangu. Mwili ndio umebadilika, huku kunanibana. Nataka nirudi kliniki."

"Tena? Karatasi si hiyo hapo? Au unataka mwanao msomi aje akuonee huruma?"

Wateja wawili waliokuwa wakingoja nguo walicheka. Mama naye akacheka kidogo, akavuta kitambaa, akaendelea kushona. Hakulitaja tena. Nami kila wiki niliipiga pasi blauzi ile, pamoja na mshono wake ule.

Alirudi kliniki mkono ulipovimba. Daktari alituambia picha haioni kila uvimbe, na mwingine huota baada ya picha. Wa mama ulikuwa saratani, umeshafika kwapani.

Kaka, aliyetusindikiza, alikuwa ameibandua ile karatasi ukutani akaja nayo. Akaisoma kwa sauti palepale: "'Ukiona badiliko lolote rudi mara moja, usingoje picha nyingine.' Mama, si imeandikwa! Nani alikwambia ungoje?"

Nilijua mama ataniangalia. Hakuniangalia.

"Kazi zilikuwa nyingi, baba," alisema. "Nilijisahau."

Kaka akamgombeza, mama akaitikia "ndiyo, baba," kama mtoto aliyevunja kikombe. Maisha yangu yote nimelalamika kwamba nabebeshwa mizigo ya wengine. Siku ile mama aliubeba wangu, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, mdomo nimeufumba.

Tulipotoka akanyoosha mkono. "Nishike, mwanangu, ngazi hizi kali."

Nikamshika ule usiovimba.