Kaptula Yangu ya Kipaimara

Mwaka jana mama alinipa kitambaa cheupe cha kaptula ya kipaimara, nikipeleke kwa fundi wa cherehani pale Makambako. "Usibanduke," akaniambia. "Mafundi wanaiba vitambaa vya watu." Basi nikaingia kama askari.

Fundi alikipapasa. "Kiache, kijana. Kitambaa kipya nakiloweka kwanza kisinyae, kikikauka ndipo nakata. Njoo kesho."

Kesho! Nikajua ndiyo njia yao ya kuiba. "Kata sasa hivi, fundi, nikiona."

"Kitasinyaa kikifuliwa."

"Kisinyae tu."

Akakata, akashona. Nilizoa kila kipande kilichoanguka, hata cha ukubwa wa kidole, nikarudi nyumbani Mahongole najiona mjanja kuliko Makambako nzima.

Siku tatu kabla ya ibada, mama akaifua kaptula kuondoa alama za chaki ya fundi. Ilipokauka ikawa chupi.

"Kaiba!" mama akafoka, tayari anafunga kitenge aende akamvae fundi.

Ikabidi nitoe vile vipande. "Mama, vyote viko hapa. Alitaka kukiloweka, mimi nikamkatalia."

Akanikazia macho, na sasa mwizi nilikuwa mimi.

Bila kaptula hiyo nisingepiga magoti mbele ya mchungaji, basi nikarudi kwa fundi nikamwomba aunge vipande miguuni. Akavishika, akanitazama.

"Haya. Niviloweke kwanza, au umekuja kunilinda tena?"

"Loweka, mzee. Nitakuja kesho."