Nati za Mzee Alfayo

Ukimkuta Mzee Alfayo Oketch amelala chali chini ya Probox yake, nje ya gereji pale Kaplong, miguu imechomoza barabarani, ungedhani amegongwa. Wenyeji hawakugeuza hata shingo. Gari lilikuwa limetoka kwa fundi, na Alfayo alikuwa anakagua.

Watu wengine wakifanyiwa service hulipa, wakapiga honi, wakaenda zao. Alfayo alianza na boneti. Alipima oili upya, akakaza kifuniko ambacho fundi amekwisha kukaza, akaliokota kwa vidole viwili tambara lililosahauliwa juu ya betri na kulipunga hewani ili soko zima lione. Kisha alijiingiza chini na tochi kutafuta kama kuna kinachovuja. Magurudumu aliyaweka mwisho. Hapo ndipo alipoitoa spana yake mwenyewe, iliyokaa chini ya kiti cha kushoto ikiwa imeviringishwa kwa kipande cha gunia, kwa sababu spana za gereji hakuziamini pia.

Na kila mara alipata kosa! Hilo ndilo lililomharibu. Lazima kungekuwa na nati moja iliyolegea, au mbili.

“Mnaona sasa?” angefoka. “Hii ni nini? Mnataka niue watu?”

“Pole, mzee,” mafundi wangejibu, wakitazamana.

Yeye angeikaza mpaka ilie, akajifuta mikono, akarudi nyumbani Chepilat akipiga mluzi. Chakula cha siku hiyo kilishuka vizuri kuliko cha siku nyingine. Tusimpake mafuta: alikuwa mzee mwenye dharau, na dharau yake ilimpa raha.

Lakini haikuanza kama dharau. Baba yake alitoka kule ziwani kuja kuchuma majani ya chai, na Alfayo akazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, akakua, akawa dereva wa lori la majani. Asubuhi moja trekta ilitoka karakana ikivuta trela lililojaa wachumaji. Kuna mtu alisahau kurudisha pini ya kuunganishia. Kwenye mwinuko trela likakatika, likarudi nyuma peke yake na watu wake. Alfayo alikuwa anakuja nyuma na lori. Aliwabeba wale wanawake kwa mikono yake, wengine bado wamefungwa aproni zao za mpira. Tangu siku hiyo kazi ya fundi kwake ilikuwa tuhuma. Ungetegemea watu wamwelewe. Wapi! Walimcheka tu.

Aliyeumia zaidi kwa kicheko hicho ni bintiye, Beverly. Utotoni alijifunika sweta usoni akiwa kiti cha nyuma baba anapokagua. Ukubwani, akiwa mwalimu, bado alikaa humo humo akiinamia simu. Ndipo siku moja mwenye gereji, kijana aitwaye Kipkurui, akamletea soda dirishani. “Mzee bado yuko na kazi,” alimwambia. “Kunywa pole pole.” Wakaanza hivyo, huku miguu ya baba mtu ikionekana chini ya gari.

Beverly alikuwa ameshaachwa na mchumba mmoja, na maneno ya watu alikuwa ameyala akashiba. Kwa hiyo wazazi wa Kipkurui walipokubali kuja kwa koito, kumposa rasmi, mama yake Beverly, Syprose, alimkalisha mumewe chini.

“Baba Beverly, hawa watu wanatuchukua jinsi tulivyo, na si wa kabila letu. Kipkurui amesema atafanyia gari service bure, ailete hiyo siku yenyewe mbele ya watu wao. Ukitoa ile spana yako mbele ya mama yake, hii ndoa imekufa. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Sema hutakagua.”

Kwao Alfayo, mkwe ni mtu wa kuogopwa. Huli chakula chake ovyo, humgusi, humkosoi, na kukagua kazi yake mbele ya ukoo wake ni kumvua nguo. Hilo Syprose hakuhitaji kumfundisha. Lakini kulitamka ilikuwa kama kung’olewa jino.

“Sitakagua,” akasema.

Siku ikafika. Wageni walijaa sebuleni, maziwa ya mursik yakamiminwa kutoka kwenye vibuyu, wazee wakaulizana koo na kuombeana baraka. Mambo yalipoiva, Kipkurui akaingiza Probox uani, imeoshwa mpaka inang’aa. Akampa Alfayo ufunguo kwa mikono miwili. Habari za mzee wa spana zilikuwa zimewafikia hata wageni, na wengine walikuwa wameshaziba midomo kuficha kicheko.

Alfayo alilitazama gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Vidole vyake vilikuwa vinamwasha. Akautia ufunguo mfukoni.

“Kazi ya mtoto wangu siikagui,” akasema.

Wanawake walipiga vigelegele. Tecla, mama yake Kipkurui, alisimama akapiga makofi, na Beverly akalia wazi wazi, hakuona haya. Alfayo hakuwahi kupendwa namna hiyo na watu wengi kwa mara moja. Ni Kipkurui tu aliyebaki anamtazama, uso una swali, mdomo umefunguka kidogo. Kisha wazee wakamwita, akaenda. Yale aliyotaka kusema aliyameza.

Jioni mvua ilitishia, na Tecla alikuwa na mguu mbovu. Alfayo akasema atampeleka mwenyewe mpaka kwake, mbele kidogo ya Kaplong. Wakamweka mbele, kiti cha heshima, na Syprose akakaa nyuma na vibuyu vitupu.

Hawakwenda mbali kabla Alfayo hajasikia. Tak. Kimya. Tak, tak. Upande wa kushoto, mbele. Dereva wa lori la majani miaka yote hiyo, angeijua sauti hiyo hata usingizini.

Alijua pia spana ilipo. Ilikuwa chini ya kiti cha Tecla, nyuma ya visigino vyake. Kuitoa ilimbidi asimamishe gari, ainame miguuni pa mkwe, apitishe mkono chini ya sketi yake. Au amshushe mama mwenye mguu mbovu, amsimamishe kwenye matope, kisha akaze kazi ya mwanawe mbele ya macho yake, masaa machache baada ya yale makofi.

“Gari inalia?” Tecla aliuliza.

“Ni mawe tu, mama,” Alfayo akasema, akapunguza mwendo. Kaplong haikuwa mbali. Akisha kumshusha atakaza.

Gurudumu halikumngojea. Kwenye mteremko, mashamba ya chai pande zote mbili, liliwapita mbele likidunda, kwa sekunde moja Alfayo akalitazama asijue ni la nani. Kisha Probox ikalalia ubavu wa kushoto, ikaburuzika, ikapinduka kuingia kwenye chai. Alfayo alitoka na mikwaruzo. Syprose alivunjika bega. Tecla walimtoa wakamlaza juu ya majani, na hakuhitaji tena hospitali.

“Ajali haina kinga,” watu waliokimbilia pale walisema. Wajinga! Ile ilikuwa na kinga. Ilikuwa bado imeviringishwa kwa gunia chini ya kiti, na Alfayo aliiona walipoliinua gari.

Kwenye mazishi ya Tecla, watu waliomcheka Alfayo maisha yake yote walikuwa na swali moja tu. Mbona hukukagua? Mzee Kipkorir, mumewe Tecla, alilisema mbele ya kaburi na kipaza sauti. “Gari yake mwenyewe alikuwa anakagua kila siku. Ikabeba mke wangu, akaona hakuna haja.” Watu wakaguna. Hapo hapo akatangaza kwamba habari za ndoa zimekwisha, wala ng’ombe wake hata mmoja hatakwenda kwa mtu huyo wa ziwani. Kipkurui alisimama karibu naye, ameinamisha kichwa.

Baadaye alimfuata Alfayo nyuma ya zizi.

“Mzee, zile nati nilifunga na mkono tu.”

Alfayo hakuelewa.

“Gari yako huwa tunaifanyia hivyo. Miaka yote. Kuna siku hukupata kosa ukafungua kila kitu, tukakaa na wewe mpaka giza. Tangu hapo tunakuachia kitu. Tambara, nati mbili. Unakaza, unafurahi, unaenda.” Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. “Hiyo siku nilikuachia gurudumu zima. Nilitaka ufurahi mbele ya watu wetu. Wewe ukaweka ufunguo mfukoni. Ningesema nini, mzee? Ningesema aje mbele ya wote? Wazee waliponiachilia, mlikuwa mmeshaondoka.”

Alfayo alitaka kumpiga. Aliinua mkono kabisa. Kisha akaona kwamba mafundi wa gereji walikuwa wakimlisha makosa kama mtoto anavyopewa sukari, na kila alipopiga mluzi kwenda nyumbani walikuwa wanacheka kwa mara ya pili. Mkono ukashuka wenyewe.

“Usimwambie Beverly,” Kipkurui akasema. “Mimi ndiye nimeua mama yangu. Akijua, nitaenda wapi?”

Nyumbani Beverly alikuwa amekaa mezani, amevaa bado nguo za mazishi. Hakuruhusiwa hata kukaribia kaburi.

“Miaka yote umenitia aibu na hiyo spana,” alisema. “Kila siku ulikagua. Hiyo siku moja, mama ya watu yuko ndani, gari inalia, hukukagua. Kwa nini, Baba?”

Syprose, mkono umefungwa shingoni, alitazama sakafu. Yeye ndiye aliyemwapisha, na hakufungua mdomo.

“Nilisahau,” Alfayo akasema.

Beverly aliinuka akaenda jikoni. Tangu siku hiyo hajamwita Baba. Humwita Mzee, kama walivyomwita kule gereji.