Somo Ambalo Wenyewe Hawakutakiwa Kutajwa

Muhsina binti Aflah alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili katika zahanati moja ya Bawshar, mjini Muscat. Mwaka 1999 alipelekwa Manchester, Uingereza, mwaka mzima kusomea ushauri nasaha. Huko ndiko alikokutana na Daktari Hana Lindauer, mwanasaikolojia wa Kiyahudi aliyekuwa akifundisha na wenzake wawili, Mayahudi pia. Somo lao lilikuwa kuhusu chuki wanayofanyiwa Mayahudi, na kiwewe kinavyohama kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto.

Siku ya kwanza Hana aliwagawia karatasi. Kila mtu aandike, bila jina, alichowahi kusikia nyumbani kuhusu Mayahudi. Muhsina aliandika: "Kwetu mtu akiwa katili au bahili tunamwita Yahudi." Hana alizisoma karatasi zote kwa sauti, moja baada ya nyingine, hakunyanyua uso. Ilipofika yake, Muhsina alitamani ardhi immeze.

Lakini wiki ya tatu walifika kwenye watoto wa waliokimbia makwao, wanaolelewa ndani ya hofu ambayo hakuna anayewaeleza. Hapo Muhsina alimwona mama yake, Bi Mastura, aliyekimbia Unguja wakati wa mapinduzi ya mwaka sitini na nne, na ambaye mpaka leo mlango ukigongwa kwa nguvu huangusha alichoshika. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Wenye jibu walikuwa watu wale wale aliokulia akilitumia jina lao kama tusi.

Aliporudi Muscat alilifasiri somo lote, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilimchukua miaka miwili. Akampelekea mkuu wake, Harub, naye mtu wa asili ya Unguja.

Harub alilisoma hadi mwisho, akachukua kalamu nyekundu na kupiga mistari kurasa kumi na moja, zote zilizotaja Mayahudi.

"Ya kiwewe nimeyapenda sana," alisema. "Haya mengine, Bi Muhsina, sharti yatoke."

"Hayo ndiyo mzizi wa somo, Bwana Harub."

"Huoni televisheni? Kila siku watoto wa Palestina wanazikwa, nawe unataka niwasimamishie watu somo la Mayahudi?"

"Nnaona. Na nnalia kama unavyolia wewe. Lakini Daktari Hana, mama wa Manchester aliyenifundisha, hakumuua mtoto wa mtu."

"Nnajua. Lakini simu zikianza kulia, zitalia mezani kwangu. Andika 'wataalamu wa nje', khalas, yaishe."

Muhsina alikubali. Alijiambia nusu ya somo ni bora kuliko kukosa lote, na akachukia jinsi maneno hayo yalivyomtoka kwa urahisi.

Mwaka 2003 alianza kufundisha walimu washauri katika skuli moja ya Mabela, hapo hapo Muscat. Walikuwa wanawake ishirini, na siku nne zilikwenda vizuri mno. Wawili walilia wakisimulia ya wazee wao. Siku ya tano mwalimu mmoja, Noof, alikuwa akieleza habari za baba anayempiga binti yake.

"Yahudi mkubwa yule!" akasema, na darasa zima likacheka.

Muhsina alisimama na chaki mkononi. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa ndani ya zile kurasa kumi na moja. Akaiweka chaki chini.

"Waliolitunga somo hili ni Mayahudi," alisema. "Haya yote yaliyokulizeni jana, wao ndio walionifundisha. Na neno hilo, hata mimi nimelitumia."



"Kwa hivyo siku tano tumefichwa?" Noof aliuliza. Hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Muhsina zaidi. "Ungetwambia siku ya kwanza, pengine ningekaa nikasikiliza. Sasa nitakuamini vipi?"

Noof alisema kweli. Akaondoka, na wenzake saba wakamfuata. Barua ya malalamiko ilifika kwa Harub kabla ya wiki kuisha, na darasa likafungwa.

Muhsina alimwandikia Hana akakiri kila kitu. Jibu lilikuwa fupi: "Nimekasirika, sitakuficha. Tumezoea watu kupenda kazi yetu na kutuonea aibu sisi. Lakini mwishowe uliyasema, na kusema kulikugharimu. Usiniandikie kuomba radhi tena. Niandikie habari za mama yako."

Habari za mama hazikuwepo. Bi Mastura alipoulizwa alisema tu, "Waniuliza ya nini hayo, mwanangu?" akaondoka kwenda jikoni.

Mwaka 2005 somo lilirudishwa, zuri, lenye jalada jipya. Harub alimwomba Muhsina alifundishe.

"Kwa kurasa zote?"

"Bi Muhsina, wewe nawe!"

"Basi mtafute mwengine."

Akatafutwa mwengine, binti mpole aliyesoma vizuri. Asubuhi moja Muhsina alipita nje ya ukumbi wa zahanati akasikia mtu akiuliza nani aliyeandika mambo haya mazuri. Binti akajibu, "Wataalamu wa nje." Muhsina alisimama, mkono ukafika mpaka kwenye kitasa. Mgonjwa wake wa saa tatu alikuwa ameshaingia chumbani akimngoja. Akaondoa mkono, akaenda kumhudumia.