Herufi S za Mwalimu Tulinagwe

Mwalimu Tulinagwe alifundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi karibu na Nanyala kwa miaka tisa, na miaka yote hiyo alifundisha kosa bila kujua. Kwa Kiswahili tunasema mtoto mzuri, watoto wazuri. Basi naye aliwaambia wanafunzi kwamba nomino ikiwa ya wingi, kivumishi nacho kiongezewe S: "bigs houses", "goods children". Darasa zima likaimba hivyo.

Juni 2003 aliitwa semina Vwawa. Mkufunzi, Bwana Osea, akapiga mstari chini ya "bigs houses" aliyoiandika Tulinagwe ubaoni.

"Kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki," alisema. "Nyumba moja au mia, ni 'big' ileile."

Wenzake wakanakili. Tulinagwe alibaki ameshika chaki, uso ukimwaka.

Tangu hapo hakutulia. Darasani alikiri kosa na kufundisha upya. Lakini waliokwisha kumaliza shule je? Aliwaza majina yao huku akipika, ugali ukaungua. Jumamosi akapanda basi la Tunduma, maana alisikia Kefa, mwanafunzi wake wa zamani, anauza viatu vya mitumba karibu na mpaka.

Kibao alikiona kabla ya kumwona Kefa: BIGS SHOES, GOODS PRICES.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kibao hiki nani kakuandikia?"

"Mimi mwenyewe, kama ulivyotufundisha." Kefa akacheka. "Ila madereva wa Zambia wakisoma 'goods' wananiuliza mzigo uko wapi."

Tulinagwe hakucheka. Alimweleza yote akiwa amesimama, kisha akaomba rangi. Kefa akaazima kwa fundi jirani, na mwalimu akazifunika kwa rangi S mbili za ziada, kwa mkono wake.

"Na nikitaka kusema bei yangu ni nafuu kuliko ya jirani? 'More cheap'?"

"'Cheaper'. Neno fupi huongezewa ER. Refu, kama 'comfortable', ndilo hutanguliwa na 'more'."

Alijibu kwa sauti thabiti, ila ndani ya basi alifungua daftari la semina kuhakikisha. Alikuwa sahihi. Bado akaendelea kupekua kurasa, akitafuta kosa jingine.

Wiki iliyofuata alikwenda Isansa kwa Getruda, naye mwanafunzi wake wa zamani, akamkuta shambani.

"Mwalimu, mimi Kiingereza nilikiacha shuleni," Getruda alisema.

"Rudia tu, mwanangu. 'Big houses'."

Getruda akarudia mara tatu, mikono ikiendelea kuchuma kahawa.