Kiapo cha Baba Mdogo

Dada yangu Nyangate alizaliwa nyumbani, Nyamache, kwa hivyo hana cheti. Mwaka huu, 1971, hospitali moja Uingereza imekubali akasomee uuguzi, mradi alete cheti chenye mhuri wa serikali. Karani wa mjini alimwambia Nyangate kuwa kwanza mzee wa ukoo aape kortini kwamba anajua siku aliyozaliwa. Bila kiapo, Nairobi hawapigi mhuri.

Baba alishafariki, basi tukaenda na baba mdogo Ratemo. Njiani akamtania, "Huko kwa Wazungu utalilia ugali wa wimbi!" Tukacheka.

Hakimu akamuuliza, "Msichana huyu alizaliwa lini?"

Ratemo akaangalia viatu vyake. "Mheshimiwa, sijui."

"Baba, si wewe ulinipa jina?" Nyangate aliuliza. Ratemo akageuka, akatoka nje.

Tuliporudi, zizini kwake kulikuwa na ng'ombe sita wageni. Mzee nisiyemjua alisimama kando yao.

"Huyu ndiye bibi arusi wetu?" akauliza. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa kamili," Ratemo akajibu upesi. "Jina nilimpa mwenyewe."

Nyangate alikuwa bado ameshika barua ya hospitali.